Mapigano ya Algiers na Watazamaji Wake

Wengi wenu mnaujua ule ukumbi ambao jumuiya yetu hapa Uingereza huukodi kwa arusi, matanga na mkutano mkuu wa mwaka. Majira ya baridi yaliyopita tuliutumia kwa jambo ambalo hatujalizoea: tulionyesha filamu. Haikuwa filamu mpya wala ya rangi. Ilikuwa "Mapigano ya Algiers", ya mwaka 1966, nyeusi na nyeupe, watu wake wanasema Kifaransa na Kiarabu, na tafsiri ya Kiingereza inapita chini ya picha. Sisi tulioipendekeza tulikuwa na wasiwasi kwamba baada ya nusu saa watu wataanza kutafuta makoti yao. Mambo yalikwenda kinyume. Chai ilipoa, sambusa zikabaki sahanini, na saa tano za usiku mwenye funguo alituzimia taa ili tutoke. Ugomvi ukahamia kwenye maegesho ya magari.

Kugombana si ajabu, maana sisi tukikutana ni lazima. Kilichotushangaza ni kwamba wote walianzia pahali pamoja. Kila aliyesimama alisema kwanza kwamba filamu ile ni ya kweli mno, kisha akaueleza huo ukweli, na ukweli wake haukufanana na wa aliyekaa kando yake. Tuliporudi nyumbani tulianza kusoma, tukagundua kwamba ukumbi wetu haukufanya jipya. Filamu hii imewagawa watazamaji wake tangu siku ya kwanza ilipoonyeshwa, na sababu yake inastahili kuelezwa.

Kwanza tukumbushane vita vyenyewe, kwani vijana wetu wengi hawakufundishwa skuli. Ufaransa iliuteka mji wa Algiers mwaka 1830. Kufikia miaka ya 1950 walowezi wa Kizungu wapatao milioni moja walikuwa wakiishi Algeria, na nchi ile haikuhesabiwa kuwa koloni bali kipande cha Ufaransa yenyewe. Tarehe 1 Novemba 1954 chama cha ukombozi cha FLN kilianza vita. Mjini Algiers mambo yalichafuka hasa mwaka 1956. Mwezi wa Juni wafungwa wawili, Ahmed Zabana na Abdelkader Ferradj, walikatwa vichwa kwa gilotini katika gereza la Barberousse, na mauaji ya kulipizana yakaenea mitaani. Usiku wa tarehe 10 Agosti bomu lililotegwa na walowezi wenye siasa kali liliporomosha nyumba za Rue de Thèbes, ndani ya mji mkongwe wa Casbah, likaua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Tarehe 30 Septemba wasichana watatu wa FLN, wamevaa kizungu, walivipita vizuizi vya askari na mabomu yao mikobani. Mawili yalilipuka katika mikahawa ya Milk Bar na Cafétéria, iliyojaa vijana na familia za walowezi. La tatu liliwekwa kwenye ofisi ya Air France, nalo halikulipuka.

Januari 1957 serikali ilimkabidhi Jenerali Jacques Massu na askari wake wa miavuli madaraka ya polisi katika mji mzima. FLN ikajibu kwa mgomo wa siku nane ili sauti yake isikike Umoja wa Mataifa. Askari wakavunja milango ya maduka, wakakamata watu kwa maelfu, wakawatesa. Kiongozi Larbi Ben M'hidi alikamatwa Februari, na siku chache baadaye jeshi likatangaza kwamba amejiua. Saadi Yacef, aliyekuwa mkuu wa mapigano mjini, alikamatwa tarehe 24 Septemba. Tarehe 8 Oktoba mpiganaji Ali la Pointe, binti Hassiba Ben Bouali na mtoto Omar, ambaye hakufika hata miaka 14, walilipuliwa katika maficho yao pamoja na nyumba na majirani. Kwa hesabu za kijeshi Ufaransa ilikuwa imeshinda. Desemba 1960 watu wa Casbah walimiminika barabarani na bendera walizozishona wenyewe, na Julai 1962 Algeria ikawa huru.

Filamu ilianzia gerezani. Yacef alihukumiwa kifo, akasamehewa na Jenerali de Gaulle, akaandika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1962. Baada ya uhuru alikwenda Italia na mchezo alioutunga mwenyewe, kumtafuta mwongozaji. Alimpata Gillo Pontecorvo, aliyewahi akiwa kijana kupigana kwa siri dhidi ya Mafashisti na Wajerumani mjini Milan. Pontecorvo aliusoma mchezo wa Yacef akaukataa, kwa kuwa ulikuwa wa kujisifu. Yeye na mwandishi wake Franco Solinas walikuwa na mchezo wao, ambamo mhusika mkuu alikuwa mwandishi wa habari mzungu aliyewahi kuwa askari wa miavuli. Yacef naye akaukataa, kwa kuwa Waalgeria ndani yake walikuwa kama miti ya pembezoni. Sisi tulio katika kazi ya ujenzi tunaijua hali hiyo: fundi ana ramani yake, mwenye nyumba ana yake, na nyumba inayosimama si ya mmoja wao. Kwa maoni yetu uzuri wa filamu ulitokana na kukataliana kule.

Waliigiza watu wa kawaida. Aliyekuwa Ali la Pointe, Brahim Haggiag, alionekana sokoni, hajui kusoma wala kuandika. Yacef mwenyewe aliigiza nafasi yake chini ya jina la Djafar. Mwigizaji wa kazi alikuwa mmoja tu, Mfaransa Jean Martin, aliyekuwa Kanali Mathieu, na huyo mwaka 1960 alikuwa ametia saini tamko la wasomi 121 waliopinga vita, likamkosesha kazi. Kanali huyu hakuwepo katika historia. Ameunganishwa kutokana na maofisa kadhaa.

Tuvumilieni kidogo tuseme habari ya ufundi, kwa sababu ndiyo kazi yetu na kwa sababu ugomvi wote umejengwa juu yake. Ukiitazama filamu hii unadhani ni picha za wapiga habari walionusurika risasi. Ndani yake hamna hata picha moja ya namna hiyo, na ilipopelekwa Marekani wasambazaji waliona lazima waandike tangazo kueleza hivyo. Ilipatikanaje? Pontecorvo na mpiga picha wake Marcello Gatti walifanya majaribio kwa muda mrefu. Walipiga picha safi kwanza, kisha wakazichafua: walitoa nakala ya mkanda, wakatoa nakala ya ile nakala. Anayetoa fotokopi ya fotokopi anajua matokeo yake. Nyeusi inazidi kuwa nyeusi, nyeupe inazidi kuungua, na chembechembe zinajitokeza kama mchanga. Kisha wakatumia lenzi za mbali, kamera ikiwa mikononi, inatikisika, inamtafuta mtu katika umati na kumkosa. Jicho la mtazamaji wa mwaka 1966 lilikuwa limefunzwa na taarifa za habari kwamba picha chafu ni picha ya kweli. Ni ujanja, lakini haukutumiwa kwa uwongo. Kwa jumla matukio ni yale yale, mitaa ni ile ile, na wengi wa waliomo walikuwa wameyaona kwa macho yao miaka minane tu kabla.

Basi tuone walivyoitazama watu.

Mwaka 1966 katika tamasha la Venice ilipewa Simba wa Dhahabu, tuzo kubwa kuliko zote za pale, na ujumbe wa Ufaransa ukaondoka kwa hasira. Nchini Ufaransa haikuruhusiwa kuonyeshwa kwa miaka kadhaa. Mwaka 1970 ruhusa ilipotoka, vyama vya askari wa zamani na vya walowezi waliokimbia Algeria vilipinga, wenye kumbi wakatishiwa mabomu, na maonyesho yakafutwa, hata ikaanza kuonekana mwaka 1971 kwa wasiwasi. Mwaka huo huo Jenerali Massu alitoa kitabu alichokiita kwa makusudi "Mapigano ya Kweli ya Algiers", kuijibu filamu. Kichekesho ni kwamba humo humo hakukana mateso. Alikiri yalitumika, akadai yalihitajika, akaeleza kwamba yeye mwenyewe aliwahi kujaribiwa ile mashine ya umeme kuona makali yake. Tungependa kumuuliza, kama angekuwa hai, kama alikuwa amefungwa mikono na kama alijua itazimwa saa ngapi.

Marekani mambo yalikuwa mengine. Vijana weusi wa Black Panther waliipenda kama watu waliopata barua kutoka kwa ndugu. Mwaka 1969 wanachama 21 wa chama hicho walishtakiwa New York kwa kula njama za kulipua vituo vya polisi na maduka. Miongoni mwao alikuwa Afeni Shakur, ambaye baadaye alimzaa Tupac mnayemjua. Waendesha mashtaka waliwaonyesha wazee wa baraza filamu hii mahakamani, wakiamini kwamba wakishaona yale mabomu ya mikobani watajua washtakiwa ni watu wa namna gani. Mwezi wa Mei 1971 wazee wa baraza wakawaachia huru wote waliobaki kizimbani, kwa mashtaka yote. Mmoja wao aliandika baadaye kwamba filamu ile ilimsaidia kuelewa washtakiwa, si kuwaogopa. Upande wa mashtaka ulikuwa umelipa tiketi ya shahidi wa upande wa pili.

Na bado hao ni watu wa upande mmoja wa bunduki. Wanafunzi wa uofisa wa jeshi la majini la Argentina nao walionyeshwa filamu hii hii katika masomo yao, na wamesimulia wenyewe miaka ya baadaye. Walionyeshwa ili wajifunze kwa Kanali Mathieu. Ndani ya filamu kuna tukio ambalo mhandisi hawezi kulisahau: Kanali anasimama ubaoni na chaki, anachora pembetatu juu ya pembetatu, akieleza namna FLN ilivyojipanga. Kila mwanachama anawajua watu watatu tu, yule aliyemwingiza na wale wawili aliowaingiza yeye. Ukimkamata mmoja umekamata pembe, hujakamata umbo. Tena FLN imewaamuru watu wake wavumilie saa 24 tu bila kusema, muda wa kuwawezesha wenzao kuhama. Kwa hiyo, anasema Kanali, habari ni lazima ipatikane haraka. Hatamki neno mateso. Anachora tu. Hoja imenyooka kama hesabu ya boriti, na tulipoitazama mara ya kwanza tulijikuta tunaitikia kwa kichwa, kabla hatujagundua tunaitikia nini. Wale wanafunzi wa Argentina hawakugundua, au waligundua na hawakujali. Chuo chao cha ufundi cha jeshi la majini, ESMA, baada ya mapinduzi ya 1976 kiligeuzwa gereza la mateso, na maelfu ya watu waliopitishwa mle hawakuonekana tena.

Tarehe 27 Agosti 2003 ilikuwa zamu ya Pentagon. Miezi mitano baada ya majeshi ya Marekani kuingia Iraq, idara ya operesheni maalumu iliwaalika maofisa na wataalamu wapatao 40 kuitazama. Mwaliko wenyewe ulisema kwamba hapa utaona namna ya kushinda mapigano dhidi ya ugaidi na kushindwa katika vita vya fikra. Walichoondoka nacho akilini kila mmoja ni siri yake, lakini picha za gereza la Abu Ghraib zilitoka mwezi wa Aprili uliofuata.

Hapa ndipo aliposimama kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliyetumikia jeshi la Uingereza kule Helmand. Alisema yeye hakuona filamu ya ukombozi wala ya ukoloni. Aliona kizuizi. Aliona askari wa miaka 20 anayepekua mikoba ya wanawake wasioelewa lugha yake, ana sekunde mbili za kuamua, na nyuma yake foleni inapiga honi. Mzee mmoja wa Dar es Salaam akamkatiza kwa ukali, akamwambia, "Mwanangu, huyo askari nani alimwalika?" Mzee huyu anaikumbuka Dar es Salaam ya miaka ya 1960, ilipojaa wapigania uhuru wa kusini. Kundi la mwanzo la wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, lilipelekwa kufunzwa Algeria, na Samora Machel alipata mafunzo yake huko huko. Kwake yeye filamu hii ni albamu ya ukoo. Kijana akamjibu kwa adabu, "Sawa, mzee, lakini bomu la kwenye mkahawa halikumuua aliyemwalika." Wakaendelea hivyo, na wote wawili walikuwa wakieleza tukio lile lile la filamu.

Tukio hilo tulitazame vizuri, kwa kuwa ndipo Pontecorvo alipoweka kila kitu rehani. Msichana ameingia katika mkahawa na bomu. Angeweza kuonyeshwa akiliweka na kutoka. Badala yake kamera inamfuata macho anavyowatazama watu waliomzunguka: mzee na kinywaji chake, vijana wanaocheza, mtoto mdogo anayelamba aiskrimu. Unaletewa nyuso za watakaokufa, unalazimishwa kuzihesabu, na unajua saa inakwenda. Na miili inapotolewa kwenye vifusi, muziki wa huzuni ni ule ule uliopigwa kwa watu wa Rue de Thèbes. Mhakiki mashuhuri wa Marekani, Pauline Kael, aliisifu filamu kwa moyo wake wote, kisha akaonya kwamba hapo ndipo palipo na hatari yake, kwa kuwa mtazamaji anaumia kwa ajili ya wale watu na bado anakubali kwamba ni lazima walipuliwe. Sisi tunamwelewa, lakini tunaona kosa hilo ni la mtazamaji. Filamu haikumwambia akubali.

Mtoto aliyekuwa Milk Bar siku ile hasa yupo katika historia. Danielle Michel-Chich alikuwa na umri wa miaka mitano. Alipoteza mguu na akampoteza bibi yake aliyekuwa amemchukua kwenda kula aiskrimu. Mwaka 2012, akiwa mtu mzima, alitoa kitabu kidogo kilichoandikwa kama barua kwa Zohra Drif, aliyeliweka bomu lile. Bi Drif, baada ya uhuru, alikuwa wakili na kisha seneta, naye alitoa kumbukumbu zake mwaka uliofuata. Hakuomba radhi, alisema walikuwa vitani na aliyestahili kulaumiwa ni ukoloni. Wanawake hao wawili ni mashahidi wa dakika chache zile zile, na filamu iliwaweka wote wawili ndani ya chumba kimoja miaka mingi kabla ya wao kuandikiana.

Lakini tusije tukadhani kwamba waliogawanyika ni wageni na Wafaransa tu. Mwaka 1994, tulipokuwa tukisomea uhandisi katika chuo kikuu kimoja hapa Uingereza, tulikaa chumba kimoja na kijana wa Algiers. Chama cha wanafunzi wa Kiafrika kiliionyesha filamu hii, nasi tukamvuta aje, tukidhani tunamfurahisha. Kwao alikuwa ameiona kwenye televisheni katika sikukuu za taifa tangu utotoni, alizijua sentensi zake kabla hazijatamkwa. Askari walipoanza kuwapanga wanaume ukutani ndani ya Casbah, alitoka nje. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi. Algeria wakati huo ilikuwa imeingia katika vita vingine, baada ya jeshi kuufuta uchaguzi mwezi wa Januari 1992, na watu walikuwa wakiuawa kwa maelfu. Alituambia kwamba wiki ile ile ndugu yake amepangwa ukutani katika mtaa ule ule, na waliompanga walikuwa wanasema Kiarabu cha nyumbani. Hakuwa na ugomvi na filamu. Alichokuwa hawezi kukivumilia ni kuona inaishia mwaka 1962, watu wanashangilia.

Maneno yake yametufanya tuziangalie vizuri zaidi pengo zake. FLN ilipigana pia na chama kingine cha Waalgeria, MNA cha Messali Hadj, na damu iliyomwagika baina yao ilikuwa nyingi. Filamu inapita kimya. Baada ya 1957 maofisa wa Kifaransa walipandikiza majasusi ndani ya FLN, na shaka ikawala wapiganaji wenyewe kwa wenyewe. Hilo nalo halimo. Wanawake wanafanya kazi kubwa mno humo ndani, wanakata nywele zao mbele ya kioo huku ngoma inapigwa, na karibu hawasemi neno. Kinachobaki ni watu wa Casbah walio kitu kimoja. Yacef alikuwa mwenye nyumba, na kuna vyumba ambavyo mwenye nyumba hafungui.

Upande wa pili wa mizani, mambo ambayo wapinzani wa filamu waliyaita uzushi ndiyo yaliyothibitika. Paul Teitgen, katibu mkuu wa polisi wa Algiers, ambaye mwenyewe aliteswa na Wajerumani katika vita vikuu, alijiuzulu mwaka 1957 akiwa na hesabu ya watu 3,024 waliochukuliwa na jeshi wasirudi. Mwezi wa Juni 2000 Massu, mzee wa miaka 92, aliliambia gazeti la Le Monde kwamba anajuta na kwamba vita vingeweza kuendeshwa bila mateso. Mwaka uliofuata Jenerali Paul Aussaresses, aliyeongoza kikosi cha siri mjini Algiers, alichapisha kitabu akieleza, bila haya, kwamba Ben M'hidi hakujiua bali alinyongwa naye na watu wake. Katika filamu waandishi wa habari wanamuuliza Ben M'hidi kama si woga kutumia vikapu vya wanawake kubebea mabomu, naye anawajibu kwamba wakipewa ndege za Kifaransa watawapa wao vikapu. Kifo chake kinatangazwa mara baadaye, na kanali anasema maneno mazuri ya heshima. Watazamaji wa 1966 waliambiwa kwamba kutilia shaka tangazo lile ni propaganda. Rais Emmanuel Macron alikiri rasmi mwaka 2018 kwamba mwanahisabati Maurice Audin alikufa mikononi mwa jeshi, mwaka 2021 akakiri kuhusu wakili Ali Boumendjel, na tarehe 1 Novemba 2024 kuhusu Larbi Ben M'hidi. Imechukua miaka 67.

Sisi wenyewe hatuna filamu ya namna hii. Vita vya Mau Mau vilipiganwa miaka ile ile, na sinema zilizotoka wakati ule, kama "Simba" ya mwaka 1955, zilitengenezwa kwa macho ya mlowezi aliyejifungia ndani na bastola. Hapa London ilibidi wazee wa Kenya waende mahakamani ndipo mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mambo mengi yaliyotolewa ushahidi katika kesi ile yangeweza kuingizwa katika filamu ya Pontecorvo bila kubadilisha ila majina.

Na hili ndilo lililotufikisha saa tano za usiku. Mtakumbuka mlioiona kwamba filamu inaanza mwishoni. Katika chumba kuna mwanamume mwembamba, nusu uchi, anatetemeka. Amekwisha kuteswa, amekwisha kusema Ali la Pointe amejificha wapi. Askari wanampa kahawa, wanamvalisha sare yao ya miavuli na kofia, wanamwambia awaongoze. Anajaribu kukimbilia dirishani, analia, kisha anakwenda. Kule Algeria swali la nani hasa aliyeyataja maficho yale liliendelea kuwagombanisha wapiganaji wa zamani hadharani, katika magazeti na vitabu, kila mmoja akikana.

Bibi mmoja alikuwa amekaa nyuma usiku kucha bila kusema. Alizaliwa Pumwani, Nairobi, na mwezi wa Aprili 1954 alikuwa na miaka tisa, Waingereza walipouzingira mji kwa askari na polisi wapatao 25,000 katika operesheni waliyoiita Anvil. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, waliwekwa vizuizini. Alinyanyua mkono kama mtoto wa skuli, akauliza, "Wanangu, yule mtu wa mwanzo, aliyevalishwa nguo za askari. Alikwenda wapi?"

Tukamwambia filamu haisemi.

Akatueleza kwamba Pumwani hawakuvalishwa sare. Walifunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lina matundu mawili ya macho. Wanaume wa mtaa walipitishwa mbele ya gunia mmoja mmoja, na gunia likitikisa kichwa, mtu anapakiwa kwenye lori. Watoto walikuwa wamekaa chini ukutani, na kutoka chini mtoto huona kile ambacho mkubwa haoni. Aliona viatu. Vilikuwa vya kahawia, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani badala ya gidamu, na alikuwa ameviona siku ile ile asubuhi mlangoni kwa jirani. Mtu yule alirudi baada ya siku chache, akaishi mtaani miaka mingi, akahudhuria arusi na matanga ya watu, hata uhuru ukamkuta hapo.

Kijana wa Helmand akamuuliza, "Bibi, uliwahi kumwambia mtu?"

Akasema hapana. Tukamuuliza jina lake. Akasema watoto wake wapo hai, na mmoja wao anamjua.